Nguo za Udi Kwenye Msitu wa Chui Milia

Tulitoka kwa daktari wa macho saa tano za asubuhi. Mama yangu alikaa mbele pembeni yangu, mkoba kaupakata, na hakusema neno tangu tulipofunga milango ya gari. Mimi ndiye niliyeshika usukani na mimi ndiye niliyetaka kulia. Daktari alikuwa mpole mno, na mimi daktari akiwa mpole mno humwogopa. Alitueleza kwamba presha ya macho imekwisha kula pembeni mwa macho yote mawili, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Mama akamuuliza itachelewesha mpaka lini. Akajibu taratibu, "Mwaka, mama. Pengine miwili. Mungu ndiye ajuaye."

Mama mwenyewe alikuwa ameshanieleza anavyoona. Alisema ni kama kuchungulia kwenye tundu la kufuli. Kilicho mbele ya tundu anakiona vizuri tu, hata herufi za Msahafu, lakini pembeni hakuna kitu. Ndiyo maana alikuwa akijigonga kwenye fremu za milango na kumwaga chai iliyowekwa ubavuni mwake, nasi tukadhani ni uzee.

Tulipokaribia Sib, pembeni mwa Maskati, anakokaa na kaka yangu, ndipo akafungua mdomo.

"Basi mie nnataka kumuona chui milia."

Nilikaribia kupanda ukingo wa barabara. "Chui milia? Mama, mimi nilidhani utasema Umra."

"Umra nshakwenda mara nne. Unguja nakwenda kila mwaka, mpaka wamenichoka. Chui milia sijamuona."

"Unamuona kila siku kwenye tivi."

"Kwenye tivi kamuona mwengine, mie nahadithiwa. Nnataka nimuone mwenyewe, maadamu bado naona."

Ilikuwa kweli kwamba alimuona kila siku. Tangu baba alipofariki, tivi ya sebuleni kwa mama ilikuwa haizimwi. Hakutazama tamthilia wala habari, alitazama wanyama. Alikuwa akijua chui milia jike anabeba mimba muda gani, anakunywa maji saa ngapi, na kwa nini haogopi maji kama paka wengine. Mtangazaji alizungumza Kiarabu na mama alimjibu kwa Kiswahili, mara nyingi kwa kumkosoa. Wajukuu walikuwa wakimcheka. Mimi pia nilimcheka, Mungu anisamehe, na kumbe mtu mzima wa miaka sabini na sita alikuwa anafanya matayarisho.

Mimi nikishikwa na jambo situlii. Nilimshusha Sib, na kabla sijafika kwangu Madinat Sultan Qaboos nilikuwa nimeshampigia wakala wa safari, nimeshauliza viza za Bara Hindi, na nimeshagombana na kaka yangu kwenye simu. Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, na kwa maoni yake ni mkubwa kwa thelathini.

"Una wazimu?" akaniuliza. "Watu wanawapeleka wazee wao Bara Hindi kutibiwa magoti. Wewe unampeleka wako akaliwe na chui?"

"Hatoliwa. Tutakuwa ndani ya gari."

"Gari gani?"

Nilikuwa nimeshaziona picha, na gari lenyewe lilikuwa wazi pande zote, halina hata kioo. Nikamwambia gari zuri. Nilijawa na furaha kiasi kwamba uongo ulinitoka bila shida yoyote.

Tulisafiri mwezi wa pili, kwa ndege mbili na saa tano za barabara. Mama hakulalamika hata mara moja. Kwenye barabara alikuwa akizungumza na dereva kwa Kihindi chake cha maduka ya Ruwi, kwetu Maskati, ambacho ni maneno ya bei na ya mboga, lakini kwa namna aliyoyapanga yule mtu alicheka safari nzima. Tulifika loji alasiri. Zilikuwa nyumba ndogo ndogo za vigae chini ya misaji mirefu, kila moja na baraza yake, na juu ya paa la kwetu wamekaa kima wa kijivu wenye mikia mirefu, wametukodolea macho. Mama alisimama akawatafuta kwa kichwa chote, kushoto kulia, mpaka akampata mmoja. Akapiga kofi mkono kwa mkono.

"Hawa ndio wanaompigia kelele chui wakimuona," akasema. "Hawa ndio hawa!"

Meneja wa loji alitukaribisha kwa sharubati ya ndimu akatusomea masharti. Tungeingia msituni mara nne, asubuhi mbili na alasiri mbili. Tuvae nguo za rangi zisizong'aa. Tusishuke garini. Tuzungumze kwa sauti ya chini. Na tafadhali tusitumie manukato. Mimi nilikuwa mkalimani, na niliyatafsiri yote sawasawa. Mama akaitikia moja baada ya moja kwa kichwa. Tulipofika chumbani akatoa kichupa chake cha mafuta ya waridi, akakifunga ndani ya soksi, akakitia chini kabisa ya sanduku. "Wasije wakasema Waomani hatusikii," akasema.

Baada ya Magharibi akafungua sanduku tena, akatoa chetezo chake cha umeme na kijaluba cha udi. Akatandaza nguo zetu za msituni juu ya viti viwili, suruali zangu mbili za rangi ya udongo, mashati yangu, majuba yake ya kijani kibichi na mitandio, akaziweka juu ya moshi, akazigeuza upande huu na huu kama anavyofanya kila siku ya maisha yake. Mimi nilikuwa nimejilaza kitandani nawajibu ndugu kwenye kundi letu la wasap. Nilimuona kwa macho yangu haya. Nilisikia raha, nikajihisi niko nyumbani. Wala halikunijia lolote kichwani, na sijui akili nilikuwa nimeiweka wapi. Kwetu nguo haijawa tayari mpaka ipitishwe moshini. Ni sehemu ya kufua na kupiga pasi. Manukato ni yale ya kujipaka. Udi ni usafi.

Asubuhi yake tulisali Alfajiri tukatoka. Baridi ilikuwa kali, tumepewa mablanketi na chupa za maji ya moto za kukumbatia. Kwenye gari tulikuwa sisi wawili kiti cha kati, mtu na mkewe kutoka mji mmoja wa Bara Hindi kiti cha nyuma, na mbele dereva na mwongozaji wetu, bwana wa makamo mwenye masharubu meupe, mchache wa maneno. Geti la hifadhi likafunguliwa, magari yakaingia moja moja, na msitu ukaanza kuonekana kidogo kidogo, mianzi, majani marefu ya manjano, ukungu juu ya vidimbwi, tausi katikati ya njia hataki kupisha mtu. Moyo ulinienda mbio kama mtoto siku ya Idi.

Baada ya robo saa mwongozaji aligeuka, akanusa. Akageuka tena. Nyuma yetu mke wa yule bwana alipiga chafya mara tatu mfululizo.

"Bibi," mwongozaji akaniambia kwa Kiingereza, kwa adabu sana, "kuna mtu amechoma kitu?"

Hapo ndipo nilipojinusa. Wallahi, ilikuwa ni mara ya kwanza nausikia udi wetu kama wanavyousikia wengine. Gari zima lilinuka kama harusi. Ulikuwa kwenye shati langu, kwenye mtandio wa mama, umeshaingia mpaka kwenye mablanketi ya loji. Yule bwana wa nyuma akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba wao wametoka mbali, na kwamba masharti yamesomwa kwa wote.

Tulizunguka saa nne. Tuliona swala wa madoadoa, nguruwe mwitu, ndege wa rangi zote. Mara moja swala mmoja alipiga ukelele wa hatari, gari likasimama, sote tukaziba pumzi. Hakutoka kitu. Mama alikuwa akigeuza kichwa pole pole huku na huku, akijaribu kuupitisha msitu wote kwenye kale katundu kake, na mimi kila nikimtazama nilikuwa nahesabu kwamba imeshakwenda moja, zimebaki tatu. Hasira zikanipanda. Sizifichi, ndivyo nilivyo. Nikiogopa jambo huwa nakasirika.

Tuliporudi chumbani sikungoja hata avue viatu.

"Tumetoka Maskati mpaka huku," nikamwambia, "ndege mbili, na wewe umekuja kumfukuza chui kwa udi! Umeambiwa, Mama. Nimekwambia mwenyewe. Sasa ukimkosa usije ukanililia."

Mama alikaa kitandani, mtandio mkononi. Akaunusa. Uso wake ulibadilika. Akaukunja mtandio, akauweka kando.

Nikatoka nikaenda kukaa kwenye ukumbi wa chakula, nikaagiza chai, nikaandika kwenye kundi la ndugu kwamba kila kitu ni kizuri. Chai ya tatu ndipo hasira ziliponishuka. Niliporudi nilimkuta bafuni, kakunja mikono ya kanzu, anafua. Alikuwa amezijaza ndoo mbili. Alifua kwa sabuni ya kipande ya loji, akasuuza, akanusa, akafua tena, kwa sababu udi mzuri hautoki kwa mara moja, na wa mama ni mzuri. Nikamwambia niachie. Akasema, "Wewe kamua tu." Tukakamua pamoja. Tulianika barazani, na kima mmoja akashuka akavuta mkono wa shati langu, mama akamtupia kandambili akamkosa kwa hatua kumi. Tukacheka, lakini hatukuangaliana.

Alasiri nguo zilikuwa zimekauka. Mama alivaa, akasimama kwenye kioo, akajishika shika kifuani na mabegani kama mtu aliyesahau kitu.

"Sijapata kutoka nje hivi," akasema. "Tangu nilipovunja ungo. Hata kwenye matanga ya baba yako nilijifukiza."

"Hunuki vibaya, Mama."

"Sinuki kabisa. Ndiyo namna gani hiyo?"

Akaingia garini akakaa pembeni kabisa, mbali na watu, kajikunyata kwenye blanketi. Nilimuonea huruma mpaka nikasikia aibu. Alasiri ile pia chui hakuonekana. Zimebaki mbili.

Asubuhi ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa nzuri. Saa moja tu baada ya kuingia, mwongozaji alimsimamisha dereva, akaonyesha chini. Kwenye vumbi la njia, juu ya alama za magurudumu, kulikuwa na nyayo, kubwa kama kisahani cha chai, bado kingo zake kali. Mpya. Nilitaka kupiga kelele. Nikamuinamisha mama, nikamuelekezea, akaziona moja moja, akazihesabu kwa kidole. "Jike," akasema. Nikamtafsiria mwongozaji. Yule bwana akamtazama mama, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaitikia kwamba ni jike kweli, nyayo za dume ni pana zaidi. Tukafuata nyayo mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona tukakuta magari matatu yamejaa watu wanaokumbatiana. Walikuwa wamemuona. Dakika tano zilizopita. Alivuka hapa hapa, akaingia pale. Walituonyesha walivyopiga picha. Mke wa yule bwana wa nyuma alianza kulia, na mimi nikajua anavyojisikia.

Kuna mahali pa kupumzikia ndani ya hifadhi ambapo watu huruhusiwa kushuka na kula. Mama alitoa chupa ya kahawa na kikombe kimoja kimoja akawapa wote, mwongozaji, dereva, bwana na mkewe, na akawapitishia halua aliyoibeba kutoka kwetu. Kahawa ya iliki ilimfungua ulimi mwongozaji. Nikaona ndio wakati wa kuomba radhi.

"Tumekuharibia kazi jana na ule udi," nikamwambia. "Tusamehe. Mama amezifua zote."

Alishangaa. "Zote? Kwa nini?"

"Si ndio uliomkimbiza?"

Akacheka, masharubu yakapanda. Akaeleza kwamba chui milia huwinda kwa macho na masikio. Magari yale yananuka mafuta ya dizeli tangu asubuhi mpaka jioni na amekwisha kuyazoea. Sharti la manukato ni kwa ajili ya nyuki kwanza, maana wao ndio hufuata harufu, halafu kwa wageni wengine wanaopiga chafya. Jana chui hakuwa upande wetu tu, basi. Ingekuwa ni harufu inayomkimbiza, akasema, hakuna mtu ambaye angewahi kumuona.

Nilisimama pale na kikombe changu. Nikamgeukia mama, aliyekuwa akifuta mdomo wa chupa, nikamtafsiria yote, neno kwa neno, maana angalau hilo lilikuwa deni langu.

"Najua," mama akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba anawinda kwa macho na masikio. Mie nalitazama tangu lini hilo?"

"Sasa kwa nini ulifua?"

Akakiweka kifuniko juu ya chupa, akakizungusha mpaka kikakaza. "Ulikuwa umekasirika sana, mwanangu. Nikaona bora nifue."

Niliinama nikambusu mkono, pale pale mbele za watu na vikombe, naye akanipiga kikofi cha bega akaniambia nimalize halua, inzi wanakuja. Niliimaliza na machozi yangu.

Ikabaki moja.

Mchana wa siku ile sikula. Nilizunguka baraza kama kima. Kaka aliandika kwenye kundi, "Bado?" na mimi nikamjibu kwa maneno ambayo baadaye ilibidi niyafute. Nilikuwa nafikiria dunia nzima ya vitu ambavyo mama yangu hatoviona tena baada ya mwaka, nyuso za vitukuu, mwezi wa Ramadhani, herufi, na niliona kwamba kwa hivyo vyote siwezi kumfanyia kitu. Hiki kimoja ndicho nilichoweza, na nacho kilikuwa kinanitoka mikononi. Kabla hatujatoka nilifungua sanduku, nikachukua chetezo, nikachomeka umeme, nikamfukizia mtandio wake mwenyewe. Yule bwana na mkewe niliwaomba ruhusa kwanza. Mke akasema kwa kahawa ile tuchome tutakacho.

Mama alijifunga mtandio, akavuta pumzi, akanyoosha mgongo. "Haya," akasema. "Sasa twende tukamuamkie."

Alasiri ilikuwa na joto na ukimya. Saa moja ikapita, kisha nusu nyingine. Geti lingefungwa jua likizama, na jua lilikuwa limeshaingia kwenye mianzi. Dereva alikuwa ameshaanza kutazama saa yake. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumpoza mama, mazuri, ya busara, nikijichukia kwa kila neno, ndipo kima mmoja alipolia juu ya mti.

Akalia tena. Wa pili akadakia. Chini, swala akapiga kwato ardhini, mara moja, mara mbili, na ukelele wake ukapasua msitu. Dereva akazima injini. Mwongozaji akasimama juu ya kiti chake taratibu, akanyoosha mkono kulia, kwenye ukingo wa kidimbwi.

"Yupo," akanong'ona. "Anatoka."

Nyuma yangu watu walivuta pumzi kwa pamoja. Nilijua kwamba nikigeuka kulia nitamuona. Lakini nilimtazama mama, na mama alikuwa akitazama mbele moja kwa moja, kwenye kisogo cha dereva.

"Wapi?" akasema. "Wapi? Wapi?" Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. Sijapata kuisikia kwake. Kichwa kilikuwa kinakwenda kushoto, kinarudi, kinapanda juu, kinapita pale pale bila kusimama, mikono imekamata chuma cha kiti mbele yake. "Wapi, mwanangu? Simuoni. Wapi?"

Nilishuka kutoka kitini nikapiga magoti kwenye sakafu ya gari, baina ya viti, uso kwa uso na yeye, na nikamshika mashavu kwa mikono miwili. Mwongozaji alielewa. Aliinama juu ya bega langu akawa ananielekeza kwa kunong'ona, na mimi nikamgeuza mama kama mtu anavyotafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Kulia. Kidogo zaidi. Chini. Umezidi, rudi. Hapo.

Taya lake lilikuwa likitetemeka ndani ya viganja vyangu. Likaacha.

"Huyo," mama akasema, bila sauti. "Huyo, huyo, huyo."

Macho yake yalianza kwenda, pole pole, kutoka huku kwenda huku, na mimi nikauzungusha uso wake sambamba nayo ili asimpoteze, kwa hiyo nilijua kwamba chui anatembea, kwamba hana haraka, kwamba sasa amesimama. Macho yalisimama pia. Yalipanuka. Mama alikuwa hapumui. Nilisikia maji yakirambwa, nyuma ya mgongo wangu, karibu sana, karibu kuliko nilivyodhania, lakini sikugeuka. Kama ningegeuka mikono yangu ingecheza. Niliona miti miwili midogo ndani ya macho ya mama na jua la manjano, na kitu kikivuka.

"Mashallah," akawa anasema. "Mashallah. Mashallah. Ee, mama weye, mashallah."

Kisha macho yakapanda kidogo, yakaenda mbali, yakatulia.

"Kaenda," akasema.

Ndipo nilipogeuka. Majani marefu yalikuwa bado yanatikisika mahali pamoja, na kwenye kidimbwi miduara ya maji ilikuwa inatanuka. Yule bwana na mkewe walikuwa wamekumbatiana. Mwongozaji alikuwa amekaa, amevua kofia, anajifuta uso, na aliponitazama nikaona amefahamu kwamba mimi sikumuona, kwa sababu alitikisa kichwa kwa huzuni na kucheka wakati mmoja.

"Umemuona?" mama akaniuliza. Uso wote ulikuwa unawaka. "Umemuona alivyokunywa?"

"Nimemuona, Mama," nikasema.

"Mwongo weye. Utamuona vipi na ulimpa mgongo?"

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe kibaya cha kutoa makamasi, na wala sikujali. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo, na papo hapo nilikuwa nimemkosa chui milia. Mke wa yule bwana alinigusa bega. Alikuwa ameinyoosha simu yake, ameshairekodi filamu nzima, anataka kunionyesha. Nilipokea. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kioo, mama akaweka mkono wake juu.

"Usitazame hiyo," akasema. "Mrudishie. Fumba macho."

"Mama, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Fumba macho, nikuonyeshe."

Gari likatiwa moto, likaanza kurudi nyuma kutafuta njia ya getini. Nilikuwa bado nimepiga magoti sakafuni. Mama akanishika mashavu kwa viganja vyake viwili vikavu, akanigeuza uso kidogo kulia, kidogo chini, akahakikisha. Nikafumba.

"Kwanza lilitoka sikio," akasema. "La kushoto. Limekatika ncha. Umeliona?"